Zeti Iliyogeuka

Miaka kumi na tisa nilikaa nyuma ya kioo cha Taherali,
Mtaa wa Gizenga, duka la vikuku vya fedha na masanduku ya njumu,
na kazi yangu, ukiondoa kupangusa vumbi, ilikuwa hii:
mgeni atie sahihi kwenye karatasi,
nami nigeuze kadi, nitazame mgongoni,
mkono huu na mkono ule ni wa mtu mmoja?

Siku hizo tulikuwa na mashine ya chuma.
Unalaza kadi, unalaza nakala tatu juu yake,
unaburura mpini, kwacha, kwacha,
na kaboni inabaki vidoleni mpaka saa ya kula.
"Chumu," Bwana Taherali akiniusia, "tazama mikia ya herufi.
Mwizi huiga kichwa, mkia humshinda."
Mie nikatazama mikia.
Nikajua mkia wa Mtaliano na wa Mjerumani
kama mtu anavyojua kuku wake.

Sikukamata mwizi hata mmoja.
Nasema kweli; kazi nimeacha, sina wa kumficha.
Niliyemkamata alikuwa mzee wa watu, kapigwa kiharusi,
kadi kaitia sahihi kabla mkono haujalegea.
Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena.
Mara ya tatu mstari ulitoka nje ya karatasi
ukaandika juu ya kioo changu,
na mkewe akageuza uso, akawa anatazama vikuku
asivyotaka kununua.
Sahihi ile ilikuwa sahihi.
Mie ndiye niliyekosea.

Zikaja kadi zenye kijipande cha dhahabu na namba nne za siri,
watu wakaziba vitufe kwa kiganja
kama wanakinga mshumaa usizimwe na upepo.
Sahihi ikabaki mazoea.
Mmoja alichora samaki. Mmoja aliandika "hapana".
Mashine ikatoa risiti vilevile.
"Hazitazamwi na mtu, Bi Chumu," Mustafa, mwana wa Bwana, akacheka,
"zinatiwa boksini tu."
Mwaka uliofuata hata ule mstari wa kutilia haukuchapwa.
Kadi inasogezwa, kitu kinalia tit,
mtu kaenda zake.

Bibi yangu, Bi Mize Shaame wa Mtambwe,
alikuwa akiuza karafuu kwa dole gumba.
Karani wa kituo akimshika mkono kama mtoto,
akilichovya dole kwenye wino, akiligandamiza,
kisha akifuta vidole vyake mwenyewe kwa kitambaa,
ilhali si yeye aliyechafuka.
Kitambaa kile ndicho kilichompeleka kisomoni.
Jioni, kwa taa ya chemli, watoto wakichungulia dirishani,
miezi mitano kwa herufi nne.
Ninayo stakabadhi yake: kilo arobaini na mbili, daraja la pili,
na chini, kwa penseli iliyotafunwa, M, I, Z, E,
zeti imegeuka, inatazama ilikotoka.
Hakuna mwizi, wa Unguja wala wa Ulaya,
ambaye angefikiri kuliiga kosa lile.

Juzi kijana wa kusajili laini za simu alifika kwetu
na kikasha kinachowaka kijani.
"Weka dole, bibi."
Bibi akanitazama. Alidhani masihara.
Akaweka. Kikasha kikakataa.
Wakalifuta kwa upindo wa kanga, wakalilowesha,
wakajaribu la kushoto.
Miaka sabini ya vikonyo vya karafuu na kukuna nazi
imelisawazisha kama kokoto ya mtoni.
"Halisomeki," kijana akasema.
"Halijasoma," bibi akamjibu. "Mie ndiye niliyesoma.
Lete kalamu."

Kijana akapapasa mifuko. Mie nikamwaga mkoba.
Tukatafuta nyumba nzima, mpaka kwa jirani.